Yowe la Mazoezi

"Piga yowe la furaha," mkufunzi alirudia. "Ukishindwa, jina lako nalikata."

Rozina alikuwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi, mkanda umemkaza kifuani kana kwamba treni ipo kweli. Bustani ya michezo ilikuwa karibu kufunguliwa Uarabuni, na vijana waliochukuliwa Sumbawanga wangepanda treni ya kupinduka angani huku wakipiga mayowe, ili wageni watamani kupanda. Wenzake walikuwa wametoa vicheko vyembamba vya aibu, wakapita.

"Kaka, huku kwetu yowe halipigwi bure," Rozina alisema.

"Hayo yaache hukuhuku. Nataka yowe, dada, siyo hotuba."

"La kweli?"

"La kweli."

Rozina alimkazia macho. Akavuta pumzi mpaka mkanda ukamkata kwapani, kisha akaliachia. Lilitoka tumboni, likapenya bati, likavuka barabara mpaka kwenye mashamba ya ulezi.

Mkufunzi alianza kupiga makofi. Nje baiskeli ikaanguka. Halafu ikasikika miguu mingi inakimbia, na mlango ukafunguka kwa teke.

Mama mmoja alitangulia na mchi. Nyuma yake wanaume walihema, majembe na mapanga mkononi.

"Nani anakuua, mwanangu?"

Rozina hakufungua mkanda. Alimgeukia mkufunzi, ambaye alikuwa ameshajibanza ukutani.

"Waeleze, kaka. Waambie ulichokuwa unataka."