Ukungu wa Lenzi ya Mtumba

"Mzee, umeuziwa ukungu," alisema mwenyekiti wa chama chetu cha wapiga picha, akiimulika lenzi yangu kwa tochi ya simu mbele ya wanachama wote. "Muuzaji wa ng'ambo kaandika mwenyewe kwamba ina ukungu. Wewe ukaona rahisi, mbio!"

Wakacheka. Kazi ya kupiga picha za mechi ya Jumamosi uwanjani alishasema ni ya wenye lenzi ndefu tu, na lenzi ndefu anayo yeye na shemeji yake. Ndivyo walivyo wakubwa wetu. Mimi hii yangu, ndefu kama zao, niliinunua kwa kuuza cherehani ya marehemu mke wangu.

Nikamnyang'anya. Utando ulikuwepo kweli, mweupe, laini kama nywele za kichanga, lakini ulikuwa juu juu, si ndani ya lenzi. Nikapitisha ukucha ukingoni, ukanasa kwenye mwanya mwembamba. Kumbe mbele kulikuwa na kioo cha kinga, kile cha kuzuia mikwaruzo, kimekwama miaka mingi hata muuzaji hakujua kinafunguka.

Nikakisokota kwa pindo la shati. Kikagoma. Nikakaza meno, nikasokota tena mpaka kiganja kikawaka moto.

Kikaachia, kikatoka na ukungu wake wote. Vioo vya ndani vilikuwa safi kama vimetoka kiwandani juzi.

"Huyu mzee huyu!" mtu akasema nyuma.

Nikaifunga kwenye kamera, nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikamlenga mwenyekiti. Niliona kila tone la jasho puani pake.

"Usitikisike, mkubwa," nikamwambia. "Jumamosi nifike uwanjani saa ngapi?"