Ubao Uliokata Mikanda

Kinpei alikuwa ameshavaa kofia, kibweta chake cha chakula kwapani, mguu mmoja nje ya karakana, pale mkanda mwingine wa msasa ulipokatika.

Paa! Uliruka kutoka kwenye mashine, ukapiga ukuta, ukalala kwenye vumbi la mbao umechanika.

"Umeona?" alisema bila kugeuka. "Hata tuagane vizuri hautaki."

"Ni msumari tu, Kinpei."

"Najua ni msumari, mzee. Ndiyo maana naondoka."

Tokuji, mwenye karakana, alizima mashine, akapitisha kiganja juu ya ubao. Ncha ya chuma ilikuwa inachungulia, ndogo kama yai la chawa. Mwerezi uliotoa ubao huo ulikuwa umesimama nyuma ya hekalu la mtaani kwao tangu enzi za mababu. Kimbunga cha vuli kiliuangusha, na kuhani akamletea Tokuji mbao zake atengeneze sanduku jipya la sadaka. Kazi ya heshima. Lakini msasa ukifika kwenye ubao huu mmoja, mkanda unachanika.

"Kila mtu hapa anajua wanawake walikuwa wanafuata nini kwenye mti ule," Kinpei alisema. "Mwanasesere wa majani ya mpunga, jina la mtu unayetaka afe, msumari kifuani. Na ukiung'oa, ubaya unamrudia aliyepigilia. Bibi yangu aliniambia, na bibi yangu hakuwa mwongo, labda kwenye umri wake tu."

"Basi umrudie. Aliyepigilia hii ameshazikwa."

Kinpei alimtazama, akaelewa anasemwa nani. Aliinamisha kichwa kidogo, akaenda zake.

Aliyesemwa ni mama yake Tokuji. Hakuna jirani asiyejua jinsi mama yule alivyomtesa mkwewe, Sayo, mke wa Tokuji. Alimwita jungu tupu, kwa sababu mimba zilikuwa hazikai. Alimlisha makombo jikoni, akamfanya aoge wa mwisho, maji yameshapoa. Enzi hizo Tokuji alikuwa anakodolea macho bakuli lake la wali na kunyamaza. Halafu asubuhi moja ya baridi, mama huyo, mzima kabisa, hana hata mafua, alijishika kifua, akaanguka. Basi.

Sayo hakuonyesha kinyongo. Kila asubuhi, hata akiwa na homa, aliweka wali wa moto na ubani mbele ya picha ya mama mkwe. Watu walimsifu mpaka wakachoka.

Na sasa Sayo alikuwa anaumwa. Kifua. Kilianza siku chache baada ya mkanda wa kwanza kukatika. Daktari alimpiga picha, hakuona kitu, akampa dawa ya kikohozi. Tokuji ndiye aliyejiona amejua: kisirani cha mama kilikuwa kimelala ndani ya ubao ule, na sasa kimeingia nyumbani kwao. Aking'oa misumari yote, mkewe atapona. Hakuwa na dawa nyingine.

Akafunga mkanda mwingine. Hakuwa anatafuta tena ubao laini. Alikuwa anatafuta mahali pa kukatikia. Paa! Akashika patasi na koleo, akachimba, akang'oa.

"Umekatika tena?" Sayo aliuliza kutoka chumbani. Milango yao ilikuwa ya karatasi, hakuna kisichosikika.

"Umekatika. Na msumari nimeung'oa."

"Uache ubao huo, bwana. Mrudishie kuhani."

"Wewe lala. Utapona."

"Mama ameshakufa, mume wangu. Tumwache."

"Hata leo unamtetea!" Machozi yakamlengalenga. Mwanamke gani huyu, alijiuliza, na mimi nilimtetea lini?

Mwanzoni Sayo alikuwa bado anaketi mezani. Ikafika siku anakula amelala. Ikafika siku anameza uji kwa kijiko, na nusu unarudi. Tokuji alijilaumu kwamba anachelewa. Akawa hali, hapumziki, anafunga mkanda, unakatika, anang'oa, anafunga mwingine, mikono imejaa malengelenge.

Mwishowe mkanda ulipita ubao mzima, mwanzo hadi mwisho, ukiimba tu. Akaurudisha. Ukapita tena. Alikimbilia chumbani, nywele nyeupe kwa vumbi.

"Imekwisha! Yote! Hakuna kitu tena!"

Sayo alimtazama kwa muda mrefu. Tokuji aliketi kando ya godoro akisubiri rangi irudi usoni mwake. Haikurudi siku hiyo, wala siku iliyofuata. Pumzi zilikuwa zinakwaruza, haziishi, hazitulii. Akainamisha kichwa, akakodolea macho bakuli la uji lililopoa, kama zamani.

"Sijui tena," alisema. "Nimefanya yote. Niambie nifanye nini, Sayo. Chochote."

"Nibebe," akasema. "Nipeleke kwenye ubao wako."

Kinpei siku hizi anaendesha basi la shule huko pwani, na amenenepa. Sanduku liko hekaluni, watu wanalitupia sarafu na kupiga makofi ya maombi. Mashine ilinunuliwa na mtu wa bonde la pili. Tokuji yupo, anapika wali mwenyewe, anapakua mara mbili kwa picha mbili. Sayo alikufa kabla ya chai, siku ileile msumari wa mwisho ulipong'olewa.

Msumari huo mkanda usingeugusa kamwe, kwa kuwa haukuingia sana, na ncha yake haikufika usoni mwa ubao. Sayo ndiye aliyeuonyesha. Aliweka kidole pale palipolainika kama hariri, chini kidogo ya fundo, bila kupapasa, akasema, "Umebaki huu. Mkono wangu ulikuwa umeshachoka."