Uthibitisho wa Makazi

"Usifunge iyo page," Fidélie alisema tena.

"Sifunge, mama. Tulia. Ku komine beko banaangalia ombi yako."

Jessy alikuwa na kibanda cha kompyuta nyuma ya soko la Kikula, mahali pa kuchapisha karatasi na kuchaji simu. Tangu komine, yaani ofisi ya manispaa, ihamishie huduma zake mtandaoni, watu waliokuwa wakisukumana mbele ya dirisha la ofisi walikuwa wamehamia kwake. Asubuhi hiyo benchi lilijaa, lakini Fidélie hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha Jessy, macho kwenye skrini. Neno lilikuwa lilelile: ombi linashughulikiwa.

Karani wa mahakama alikuwa amempigia simu mapema. Jaji angefika Buluo, gerezani, kuamua kama mumewe Germain ataachiliwa akisubiri kesi. Germain alikuwa amemvunja mtu taya machimboni, wakigombania gunia la mawe ya shaba.

"Ulete uthibitisho wa komine kwamba unaishi pale nyumbani," karani alimwambia. "Bila huo, jaji hawezi kukusikiliza. Ukichelewa, ataamua bila wewe."

Berthe, dada wa kanisani, ndiye aliyempisha kwenye foleni. "Bandugu, mumuachie apite," aliwaambia waliokuwa benchini. "Bwana yake iko ku Buluo. Leo njo siku yake."

Hakuna aliyenung'unika. Mzee mmoja hata alivua kofia.

"Na Sephora, anakula?" Berthe aliuliza.

"Hapana. Tangu anasikia papa yake pengine atatoka, hakule kitu."

"Mutoto anajua papa yake." Berthe alimshika mkono. "Tutaomba. Mungu hashindwe."

Fidélie aliitikia kwa kichwa tu.

"Lakini mama," Jessy alisema, "hapa unaniandikisha jina yako na ya mutoto. Ya papa haiko."

"Yetu inatosha."

"Ah. Kumbe weye njo utamusimamia."

Fidélie alikaza macho kwenye skrini. Mwaka uliopita aliwahi kwenda mwenyewe kwenye dirisha la komine kuomba karatasi kama hiyo. Kabla hajafika nyumbani, habari ilikuwa imeshamtangulia: mke wa Germain alikuwa komine, alitaka nini? Sasa hapakuwa na dirisha wala mtu wa kumuuliza. Palikuwa na Jessy tu, na Jessy hakuwa wa mtaa wao.

Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Skrini ikawa nyeusi.

"Courant!" watu walilalamika kwa pamoja.

"Hapana," Fidélie alisema. "Hapana, hapana, hapana."

Jessy alikuwa ameshatoa simu yake. Aliandika namba ya ombi, akainua simu juu kutafuta mtandao, akatoka nje hadi kando ya muuza makaa. Fidélie alimfuata bega kwa bega. Kiduara kilizunguka kwenye kioo, kikazunguka, kikakwama.

"Jaji iko kule sasa," Fidélie alisema. "Jessy, kama anamalizia bila miye..."

"Ngoja."

"Siwezi kungoja!"

"Mama. Ngoja."

Simu ndogo ya Fidélie ilitetemeka mfukoni. Jessy aliichukua, akasoma ujumbe, akacheka kwa sauti. "Banakubali! Uone, iyi namba. Hata karatasi hauna lazima nayo. Karani ataiandika kwake na ataona yote, na tampon, muhuri ya komine. Kimbia!"

Berthe alipiga kigelegele. Mtu alisimamisha pikipiki, na kabla Fidélie hajauliza chochote dereva alikuwa ameshaelezwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Aliendesha kwa kasi, akikwepa mashimo, vumbi jekundu likiwapanda hadi kooni. Fidélie aliikumbatia simu kifuani kwa mikono miwili badala ya kujishikilia.

"Usiogope, mama," dereva alipaza sauti. "Utamukuta!"

Huko Buluo askari walimpekua, wakamwongoza kwenye chumba chenye benchi na meza. Jaji alikuwa ameshachukua kalamu. Germain alikuwa amesimama mbele yake, amenyolewa, amepungua. Alipomwona mkewe alishtuka kidogo, kisha akatabasamu.

"Mama Sephora," alisema kwa upole.

Fidélie alimpita, akampa karani simu. Karani aliandika ile namba kwenye kompyuta yake. Chumba kizima kilimsubiri. Hatimaye aligeuza skrini kumwelekea jaji.

Jaji alisoma, akamtazama Germain juu ya miwani. "Uliniambia unaishi peke yako. Kwamba mkeo amehamia Kolwezi."

Germain alitazama sakafu.

"Mama, ni kweli unaishi katika nyumba hiyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Miye na mutoto."

"Na huyu akitoka leo, atafikia hapo?"

"Hana fasi ingine."

Jaji aliweka kalamu chini. Uso wake ulilegea kidogo, kama wa mtu aliyepata alichokuwa akikikosa. "Vizuri. Basi umekuja kumdhamini."

"Hapana, Mheshimiwa," Fidélie alisema. "Nakuja kuomba mumubakishe huku. Akirudia ku nyumba, miye ao mutoto, mumoja wetu hataamuka tena asubui."