Kidole cha Unga

"Usiguse, Mama!" Tabby akausukuma mkono wangu tena kutoka kwenye tableti.

Kesho binti yangu atafundisha kwa tableti mbele ya mkufunzi, na leo, huku nikikanda unga wa chapati, mimi ndiye darasa lake. Mwezi uliopita aliambiwa arudie mafunzo, kwa sababu watoto aliowafundisha walikaa tu wamekunja mikono.

"Kitendawili," nikasema, nimechoka naye.

"Mama, jamani! Haya, tega."

"Nafunzwa kuogelea na sijalowa hata kidole."

"Sijui. Nakupa Naivasha."

"Nimefika Naivasha, nimekula samaki, nimerudi. Ni mwanafunzi wako huyo, mwalimu!"

Akaivua tableti kitambaa cha kufuma alichoifunika nacho isichafuke, akaisogeza polepole hadi kando ya unga wa chapati.

Nikainua kidole, cheupe kwa unga. Tabby akafumba macho.