Chupa Ikikuelekea

Chupa ilizunguka sakafuni, ikalegea, ikasimama ikimtazama bibi harusi.

Wasichana walipiga kelele. Uani wazee wa pande mbili walikuwa bado wanavutana. Wa upande wa bibi harusi walishikilia kwamba binti yao yuko mbali, Yaoundé, na wakwe watoe nauli aletwe. Wazee walikuwa na mchezo wao, na chumbani wasichana walikuwa na wa kwao. Chupa ikikuelekea, unaulizwa siri. Ukisema, unachagua kitu kwenye beseni kiwe chako. Ukikataa, unavua kitu kimoja ulichovaa na kukitupa humo.

"Manka!" Bih, kinara wa fujo zote, alijishika kiuno. "Huyo Che wako amewahi kukuinulia mkono?"

"We Bih nawe! Si umuulize ya kitandani?"

"Ya kitandani tunayajua, shoga."

Wakacheka. Manka naye akacheka, akainama, akavua kitu na kukitupa kwenye beseni. Ngum, aliyekuwa kwake kama dada mkubwa, hakuangalia alichotupa. Alikuwa akimwangalia usoni, na moyo ukamwuma. Kukataa kule kulikuwa jibu tosha.

Wiki nzima alikuwa akimvizia Manka apate kusema naye faraghani, lakini shangazi zake walimganda kama kupe. Sasa muda umekwisha. Wakwe wakishamtambua leo, basi, Manka ni wa Che.

Chupa ikamwelekea Ngum.

"Wewe mtakatifu wa Douala," Bih akamchokoza, "leo tutakujua! Toa siri."

Ngum alikishika kiwiko chake, kile kisichonyooka. "Niliwaambia nilianguka na pikipiki. Sikuanguka. Nilivunjwa na mwanamume niliyekuwa nampenda."

Kicheko kilikatika.

"Nani huyo?" Bih aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jina sisemi." Alimtazama Manka. Manka aliangalia chini.

"Haya, haya, tusilie kwenye sherehe," Bih akasema, akaizungusha chupa upesi. Ikamwelekea Lum, binamu yake Manka. "Lum! Mchumba wako wa Kumbo anajua kubusu?"

"Anajua," Lum akajibu haraka, akaokota kitu kwenye beseni.

Ngum alikuwa ameshageukia dirisha. Gari alilokodi lilikuwa limefika nyuma ya migomba, dereva akila njugu. Akashusha pumzi.

Mara shangazi akaingia na vitenge vitatu, vyote vya rangi moja. "Mchezo basi! Anayefunikwa afunikwe, na hapana kusema hata neno. Wakwe wachague wenyewe bibi harusi ni yupi. Ngum, wapelekee wazee maji."

Ilimbidi aende. Aliporudi, wasichana watatu walikuwa wamesimama ukumbini, wamefunikwa gubigubi, kimo kimoja. Aliikagua miguu yao. Wa mwisho alivaa shanga nyekundu za kifundoni, zile ambazo Ngum mwenyewe alimtungia Manka na kumvisha asubuhi ile.

Akamsogelea, akaingiza mkono chini ya kitenge.

"Usiseme kitu, sikiliza tu," alinong'ona. "Yaliyonipata ndiyo yanayokungoja. Najua na wewe unajua. Mwanamume wa namna ile habadiliki, mdogo wangu, si kwa ndoa wala kwa mtoto. Nina gari nyuma. Ukitaka twende, nibane mkono."

Uani mtu alitaja nauli, watu wakaangua kicheko. Ngum alihisi machozi yakimjaa. Tafadhali, Manka, tafadhali.

Vidole vikambana kwa nguvu hadi vikamwuma.

"Shangazi," Ngum akasema, "amebanwa, anataka chooni."

Shangazi aliitupia macho ile miguu, akapunga mkono. "Mpeleke tu. Wawili wanatosha."

Ngum hakungoja neno la pili. Walipita jikoni kwenye masufuria ya achu, magimbi ya kutwanga ya sherehe, wakapita choo, wakapita migomba, yule wa ndani ya kitenge akijikwaa na kumng'ang'ania. Dereva akatupa maganda ya njugu na kuwasha gari.

Walikuwa hawajafika barabara ya lami vigelegele vilipolipuka nyuma yao, na ngoma zikafuata. Ngum akacheka huku akilia. "Waache wapige! Watafunua vitenge vyao wakute si wewe. Che hakupati tena, unasikia? Hakupati tena!"

Akamvuta kwake, akamfunua kitenge.

Alikuwa Lum, shanga alizookota kwenye beseni zikiwa kifundoni, uso umelowa machozi. "Dada Ngum," alisema, "nani alikwambia kwamba na wangu ananipiga?"