Bwana Crabtree na Kamusi ya Mchungaji

Kufika ukurasa wa arobaini, Bwana Crabtree alikuwa ameshakunja uso kama mtu aliyefunua sufuria ya juzi. Alilowesha kidole, akageuza karatasi, akaguna.

"Taratibu, Bwana Crabtree," Bi Pike alisema kutoka mezani kwake. "Kitabu hicho kina miaka mia mbili na hamsini."

"Na miaka yote hiyo hakuna aliyeona aibu kukiweka rafuni."

Bi Pike, mtunza maktaba wa kijiji cha Sallowby, aliendelea kupiga muhuri vitabu vyake. Alikuwa mwanamke wa kola iliyofungwa hadi kidevuni, ambaye hata neno "suruali" alilitamka kwa kunong'ona.

Kitabu chenyewe kilikuwa kamusi ya maneno ya kale ya Kiingereza, kazi ya mchungaji mmoja wa zamani wa kijiji hicho. Bwana Crabtree alikuwa amekiomba asubuhi ile kwa sababu kesho yake ilikuwa Siku ya Daraja. Kila mwaka watu wa Sallowby na watu wa Thrupley hukutana darajani juu ya mto, kila kijiji na msemaji wake, na kijiji kinachoshinda huondoka na kengele ya shaba. Crabtree ndiye aliyekuwa msemaji wa Sallowby, kama baba yake na babu yake. Lakini kengele ilikuwa Thrupley mwaka wa kumi na moja sasa, na kamati ilikwisha kumwambia wazi kwamba akishindwa tena, nafasi hiyo atapewa Hobday, muuza nyama.

Akageuza ukurasa. Neno la kwanza lilimpandisha damu masikioni. Lilikuwa neno ambalo mzee wa kanisa hawezi kulisoma kwa sauti mbele za watu, nami sitaliandika hapa. Akapeleka kidole kwenye maana yake. Mbawakawa. Mdudu mnene anayekula majani mwezi wa Mei.

"Ovyo," alisema.

La pili lilikuwa baya zaidi, la kuandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa choo cha stesheni. Maana yake, tanga dogo la mbele ya meli. La tatu, kijiti cha barafu kinachoning'inia ukingoni mwa paa.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Hobday na aproni yake yenye damu.

"Umeyaona, mzee wangu? Si nilikwambia yanatisha? Mimi nilisoma mawili tu, nikageuka kuangalia kama mke wangu yupo."

"Na maana zake ulisoma?"

"Maana ya nini? Yasikie tu yanavyolia."

"Ndiyo taabu yako, Hobday. Kichwani umejaza maini. Kesho Thrupley wanakuja na mchungaji wao, na mchungaji wao anakuja na kamusi. Kila neno nitakalolitoa ataniuliza maana yake, kijiji kizima kikisikia."

Hobday alijikuna shingo. "Haya, Mungu akutangulie," alisema, akatoka na tabasamu ambalo Crabtree hakulipenda hata kidogo.

Kufikia jioni zilibaki kurasa chache. Neno moja lilimfanya aufunike ukurasa kwa kofia yake. Kisha akaiinua kofia, akasoma maana. Mti wa mshita, ule uliotumika kutengeneza sanduku la agano.

"Na hili limo kwenye Biblia," alisema kwa sauti iliyokauka. "Biblia, Bi Pike. Limesomwa kanisani mwetu tangu nikiwa mtoto, na hakuna aliyeshtuka."

"Watu huwa wamesinzia, Bwana Crabtree."

Alimaliza ukurasa wa mwisho, akakisukuma kitabu hadi ukingoni mwa meza. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Kitabu hiki kinanitia kinyaa. Tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho."

"Kwani umekuta nini humo?"

"Sijakuta kitu. Kurasa mia nne, maneno yananuka hivi, na hakuna hata tusi moja. Kesho nasimama kwenye mashindano ya matusi ya kale, nimwite msemaji wa Thrupley mti wa mshita?"

Bi Pike aliinuka, akaufunga mlango kwa ufunguo, kisha akafungua kifungo cha juu cha kola yake.

"Mama yangu aliuza samaki gatini, na mama yake, na mama wa mama yake, na hata mabaharia waliogopa midomo yao," alisema. "Chukua kalamu."