Wali wa Koliflawa

Modesta alikatakata koliflawa kwa hasira mpaka vipande vikaruka chini. Alivikata vidogo kama punje za mchele, maana ndivyo mumewe alivyotaka. Akavikaanga na kitunguu, akapakua, akaisukuma sahani mezani hadi ikagonga ukuta.

"Wali wako huo."

"Wali wetu," alisema Alois. "Kaa tule."

Huu ulikuwa mwezi wa nne wa chakula hicho. Mwaka ule wa 1953 malori yalikuwa yakizibeba koliflawa za Mgeta hadi mjini Morogoro, zikaliwe na Wazungu. Kijijini kwao hapakuwa na mtu aliyekula koliflawa akasema ameshiba. Modesta alikuwa anaila karibu kila siku.

Mambo yalianzia hospitalini. Walishuka mjini pamoja, Modesta akiwa na kidonda cha mguu kisichopona, Alois akilalamikia mgongo. Wote wawili waliambiwa watoe mkojo kwenye vichupa. Kisha daktari akamwita Alois peke yake, naye akatoka na karatasi mkononi, uso umemshuka.

"Nina sukari," alisema. "Ugali basi. Wali, ndizi, mihogo, togwa, vyote basi. Na daktari amesema nikila peke yangu nitashindwa. Tutakula sahani moja."

Siku za mwanzo Modesta alimhurumia. Alimpikia mamumunya badala ya ndizi. Alimpondea kabichi na karanga, apate walau kitu cha kumega kama ugali. Wiki ya tatu huruma ikaisha. Alois alikuwa ameufungia unga sandukuni, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Siku alipomkuta mkewe nyuma ya nyumba na muhogo wa kuchoma, aliunyakua akautupa mtoni.

"Ugonjwa wako, njaa yangu!" Modesta alipiga kelele hadi jirani yao Anastasia akatoka nje. "Mama yangu aliumwa huo huo. Walimkataza hiki, wakamkataza kile, akafa na njaa. Ningekuwa mimi, ningekula ugali wangu nife nimeshiba!"

"Najua," alisema Alois. "Ulisema hivyo pale hospitali, kabla hawajatuita."

"Na bado nasema!"

Alois aliinama akautazama mguu wa mkewe, kama alivyofanya kila siku, akachukua jembe akaenda shambani.

Jumamosi moja mchana Modesta alikwenda kwa Anastasia kuazima ungo. Uani alimkuta Dominiko, mume wa Anastasia, ameketi na mgeni. Kati yao palikuwa na ugali mkubwa unaofuka moshi na bakuli la maharage. Mgeni alikuwa anafinyanga tonge. Alikuwa Alois.

"Baba Regina," alisema Modesta polepole. "Unakula nini?"

Alois alilimeza lile tonge kwanza. "Ugali."

"Na mimi?"

"Wewe utakula nyumbani."

Modesta aliliinua bakuli la maharage akalimwaga lote miguuni pa mumewe.

"Miezi minne unanilisha majani kama mbuzi, kumbe una jiko la pili! Unanifungia unga wangu niliousaga mwenyewe, halafu unakuja kushiba kwa watu! Mgonjwa gani wewe?"

"Shemeji, hebu msikilize," alianza Dominiko. "Mwenzio..."

"Dominiko!" Alois alimkatiza kwa ukali, na Dominiko akafunga mdomo.

Modesta hakutaka kusikiliza. Siku mbili hakumsemesha mumewe. Jumatatu asubuhi alijifunga kanga, akateremka mlima hadi barabarani. Aliteremka haraka, karibu kukimbia, na ule mguu haukumuuma hata kidogo, lakini hilo hakulitia akilini. Alipanda lori la mboga, akakaa juu ya magunia ya kabichi, na njia nzima akawa anapanga maneno. Alitaka daktari amwite Alois, amgombeze mbele ya wagonjwa wote, mwongo mkubwa yule. Alitaka karatasi nyingine, yenye ruhusa yake yeye ya kula ugali.

Daktari hakuwepo. Alimkuta dresa mgeni aliyeitwa Salum, anafunga kidonda cha mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya Alois Mkude wa Mgeta, mgonjwa wenu wa sukari. Anakula ugali kwa siri. Nimemfumania kwa macho yangu, na tonge mkononi. Nataka aitwe leo hii!"

Salum alinawa mikono. Akaenda kwenye kabati, akapekua kadi, akapata mbili zilizobanwa pamoja. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Mwache ale, mama," alisema. "Mzee Alois hana sukari. Mwenye sukari ni mkewe, Modesta. Yeye anaendeleaje?"